Mbeleko ya Kizuwena

Kwa sheria, kila kitambaa cha nyuzi zinazopitisha umeme hupimwa kila mwaka, na chenye usumaku huchomwa. Sikuwa na wasiwasi. Mbeleko yangu ya nyuzi hizo imebeba watoto watatu na kupitisha umeme wa taa ya jikoni, na haijawahi kuvuta hata sindano.

Mkaguzi Mhando aliitia kwenye mashine inayosikiliza viini vya atomi, akaipoza mno, kisha akatikisa kichwa. "Mama, ina usumaku."

"Kwenye baridi kiasi gani?"

"Digrii mia mbili na sitini chini ya sifuri."

"Hapa Tanga? Tunalala madirisha wazi kwa joto, wewe unaihukumu mbeleko kwa baridi ambayo hata barafu haiijui? Kaka yangu, hata mimi ukinigandisha hivyo utanikuta na kasoro!"

"Sheria haijataja kiwango cha joto, mama."

Akaitupa kwenye pipa la moto mbele ya macho yangu. Nilidhani yamekwisha, kumbe anafungua ukurasa mwingine wa daftari.

"Nani wa mwisho kubebwa humo?"

"Kizuwena. Ana miezi saba."

"Nyuzi huacha chembe kwenye ngozi. Umlete kesho asubuhi."

"Na yeye mtampoza?"

 Alikuwa anaandika jina la Kizuwena.