Imegeuka, Baba

"Usiipime, dada," fundi wa maabara ya baba yake alisema. "Iweke tu kama kumbukumbu."

Binti hakumsikiliza. Alikishika kipande cha kioo kwa kibanio, akakilaza katikati ya sumaku taratibu, kama anayelaza mtoto. Kioo hicho kilibeba filamu ya mwisho ya baba yake. Filamu kama hizo huwa tabaka la chuma, juu yake platinamu, yote mawili membamba kuliko povu la sabuni. Mzee mwenyewe walikuwa wamemzika wiki iliyopita.

Mkondo wa spini, yaani wa mzunguko wa elektroni, haupimwi wenyewe. Chuma kinausukuma kuingia kwenye platinamu, huko unakuwa volteji kidogo sana, na hiyo ndiyo unayoisoma. Shida ni joto. Nalo linatoa volteji yake, tena bila haya. Kwa hiyo unageuza sumaku: namba ikitoka chanya ikawa hasi, hiyo ni spini. Isipogeuka, umepima joto, pole yako.

Filamu za mzee ziliacha kugeuka tangu mikono yake ilipoanza kutetemeka. Kanuni ni kukagua kila tabaka kabla ya kupima, lakini za baba binti hakuzikagua hata siku moja. Utamkaguaje mtu aliyekufundisha kazi? Alipima tu, akaumia.

Zamani alikuwa hampigii baba yake simu ila sikukuu. Mara kazi, mara watoto, visingizio tele. Ugonjwa ulipoanza, kila mara fundi alipoleta filamu kutoka maabara ya mzee, jioni yake alipiga: "Imegeuka, Baba." Mzee alicheka kwa raha. Hakuuliza namba ilikuwa ngapi. Aliuliza kama amekula, wajukuu wanaendeleaje, kikohozi cha yule mdogo kimepona, wakaongea mpaka chaji ikaisha.

Ulikuwa uongo mtupu. Sasa aliomba kitu kimoja tu: hii ya mwisho igeuke, ili angalau mara moja aweze kumwambia baba yake kweli, hata kama hasikii tena.

Akasoma namba. Akageuza sumaku. Akasoma tena.

Ilikuwa ileile.

Akakaa kwenye kiti akalia kwa kwikwi, bila kujali nani anamwona. Akamwambia fundi yote: kwamba tangu ugonjwa uanze hakuna hata moja iliyogeuka, kwamba alimdanganya baba yake mpaka kaburini, na mzee wa watu kafa akiamini mikono yake bado ni mizima.

Fundi akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Dada, hizo nilizitengeneza mimi. Chuma kilituishia kitambo. Mzee akasema nipake platinamu tupu, ingawa alijua bila chuma haiwezi kugeuka, nikuletee vivyo hivyo, usije ukakosa sababu ya kupiga simu."

Fundi akajifuta uso kwa kiganja.

"Na ukishakata, alikuwa ananigeukia anacheka: 'Umesikia? Leo tena imegeuka.'"