Unga Mweupe wa Honorata

Siafu walipoanza kumpanda miguuni, Anatoli aliuma kola ya shati asipige kelele. Ilikuwa asubuhi ya tatu amelala kifudifudi majanini, pembeni mwa shamba la Honorata, pale Kidahwe.

Honorata alivuka ziwa mwaka juzi akikimbia vita vya Kongo, akafikia kwa shangazi yake. Alipewa kipande cha ardhi ambacho kila mtu alikisusa. Sasa mahindi yake yalikuwa yamempita kimo. Ya Anatoli, ng'ambo ya njia, yalikuwa ya njano na yamedumaa, na wapita njia hawakuficha vicheko.

Kijijini walinong'ona kwamba mwanamke yule ana dawa. Anatoli alitamani kumwuliza, lakini aibu ilimzuia. Mtu kama yeye, amwulize mkimbizi habari za mahindi?

Honorata alitokea na ndoo. Akaanza kunyunyiza unga mweupe kwenye matuta mapya ya maharage, midomo ikimchezacheza. Anatoli akatega sikio. Hapo siafu wakavuka magoti.

"Yalaa!"

Akaruka juu. Akaivua suruali iliyojaa siafu, akaitupa majanini.

Honorata akapiga yowe, kisha akamtambua. "Shikamoo, mzee. Suruali yako ile pale."

Anatoli aliivaa mbele nyuma. Ujanja ulikuwa umemwishia.

"Marahaba. Mama, niambie ukweli. Dawa hiyo umepewa na mganga gani?"

"Mganga? Haya ni makombe ya konokono wa ziwani. Nayachoma, nayatwanga, napata chokaa."

"Na hayo unayonuiza?"

"Nahesabu hatua, chokaa isizidi." Akachota udongo kiganjani. "Udongo huu mchachu, mzee. Uchachu unayeyusha alumini iliyomo ardhini, nayo inaunguza mizizi. Mmea unakufa njaa na chakula kipo hapohapo. Chokaa inakata uchachu, mizizi inapata nguvu."

"Alumini? Hii ya sufuria?"

"Hiyohiyo."

Elimu ya namna hiyo haiokotwi njiani. Anatoli akasahau siafu, akasahau hata suruali.

"Nani amekufundisha mambo haya?"

Honorata alimtazama kwa huruma.

"Si wewe, Bwana Shamba? Semina ya mwaka jana, pale kwenye godauni. Ulitusomea karatasi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, hukuinua kichwa hata mara moja."