Sauti ya Mwenye Hisa

Siku hizi programu ya kodi huongea kwa sauti ya aliyekurithisha mali. Basi kila Juni Bi Mwanahawa hujifukiza udi, huvaa kanga mpya, ndipo huiwasha.

“Mama Nasra,” humwuliza sauti ya marehemu mumewe, “gawio la hisa zetu za Afrika Kusini, wameshalikata kodi kule?”

Wameshalikata, naye anajua. Lakini akisema ndiyo, hesabu hufungwa na sauti hunyamaza hadi mwakani.

“Mie sijui, Baba Nasra. Hebu nieleze tena.”

“Mama, jibu!” binti yake alimfokea mwaka huu. “Usipojibu, watakukata kodi tena na hapa kwetu!”

Bi Mwanahawa akaona haya. Akafungua kinywa ajibu, sauti ikamwahi kwa kubembeleza:

“Usiseme ndiyo, mke wangu. Bado tunaongea.”