Gari Lisilobarikiwa

Evanthia aliwasha gari la zimamoto ambalo kijiji kizima kilichanga kulinunua, baada ya serikali kuwapiga kalenda miaka mitatu. Kijitawi cha mrehani, cha kunyunyizia maji ya baraka, kilining'inia kiooni, kikimsubiri padri aje kulibariki.

Ng'ambo ya bonde, moshi wa moto uliowaka kijiji jirani ulizidi kuwa mweusi.

"Si walewale waliotucheka?" mzee mmoja alifoka. "Hawakutoa hata senti! Wajizimie wenyewe!"

"Na bila baraka haliondoki," mkewe akadakia.

Evanthia akaachia breki.

Padri akatokea mbele ya gari, amebeba bakuli la maji ya baraka. Evanthia akapiga honi. Padri hakusogea upande. Alipanda juu, akafungua tangi la maji, akamimina bakuli zima.

"Kanyaga, binti!"