Kipande Kilichohama

Asubuhi ile pampu ya maji ya mji iligoma. Programu inayoiendesha ilikuwa imehamishiwa kwenye mfumo mpya, na mfumo ukashikilia kwamba kipande cha programu kinachosoma kiasi cha maji tangini hakipo.

“Salha, turudishe mfumo wa zamani,” Bwana Kizito, mkuu wa mtambo, alimwambia fundi wake wa programu. “Watu wamesimama na ndoo!”

“Tutarudi nyuma mpaka lini, mzee? Hakijafa kipande hiki. Kimehama.”

Zamani vipande vyote viliishi nyumba moja. Ukiita kimoja, vinaitika vyote. Sasa kila kimoja kimejenga kwake, lakini programu ilikuwa bado inakiita kile cha tangi kwenye nyumba ya zamani. Kwa aliyejenga kwake huingii bila hodi. Salha akakitafuta mpaka akayajua makazi yake mapya, kisha juu kabisa ya programu akaandika mstari mmoja wa kupiga hodi, unaokiita kwa anwani hiyo mpya. Akabonyeza.

Kimya. Halafu pampu ikanguruma, sakafu ikatetemeka chini ya viatu vyao.

Salha alikuwa ameshafika dirishani. Kule chini bomba lilikohoa, likatema kutu, na mwanamke wa kwanza kwenye foleni akapiga kigelegele kabla maji hayajafika.