Pete Nyekundu ya Bwana Harusi

Sonara aliivua risasi gamba lake jembamba la shaba polepole, kama anayemenya yai. Miaka minane alikuwa ameihifadhi kwenye kopo la vifungo, tangu daktari alipoitoa kifuani mwa kaka yake na kumkabidhi ikiwa imeviringishwa kwenye pamba.

Mapambo ya mabaki ya vita ndiyo yaliyompa sifa. Hereni za maganda ya risasi, mikufu ya pini za mabomu. Watu walijaa kwenye maonyesho yake, wakatazama kwa kunong'ona. Lakini risasi hii hakuwahi kuigusa. Hii alikuwa amemwekea mwenyewe, aliyeifyatua.

Na sasa mwenyewe kajileta. Watu wote walisema kaka aliuawa na vita, siku ile wapiganaji walipoingia mtaani. Sonara hakusema hivyo. Yeye alimwona mwalimu, jirani yao, akitoka mbio kwa mlango wa nyuma wa nyumba ya kaka, shati limelowa damu. Leo mwalimu huyo huyo anamwoa mjane wa kaka, tena bila haya wamekuja kuagiza pete kwake!

"Hatutaki fundi mwingine, wifi," mjane alimwambia. "Wewe ni ndugu."

Sonara alimpima bila kumtazama usoni. Kidole cha pete kilikuwa kimepinda kwenye kiungo.

"Hiki kimefanya nini?"

"Nilianguka. Zamani, kaka yako akiwa hai."

Kilichomkera sonara si kidole, ni yale magauni ya mikono mifupi. Enzi za kaka, wifi alijifunika mpaka vifundo vya mikono. Kaka kuzikwa tu, mikono nje, kicheko juu. Mume hata hajaoza!

Basi akaliyeyusha lile gamba pamoja na dhahabu, akaponda, akakunja, akapiga tupa. Pete ya bwana harusi ikatoka nyekundu kama kidonda. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane, sonara alifanya kazi huku akiimba.

Siku ya kuzichukua, alisubiri mwalimu aivae. Ikaingia bila kusukumwa. Akafunga mlango kwa komeo.

"Imekukaa," alisema. "Lazima ikukae. Humo imo risasi uliyompigia kaka yangu. Ukila, utakula nayo. Ukimshika mkeo, utamshika nayo. Na siku ukiivua, mji mzima utajua kwa nini."

Mwalimu alipauka. Alimtazama mjane.

Mjane ndiye aliyesogea. Akaushika mkono wa mchumba wake, akaivua ile pete taratibu, akaitia kwenye kidole chake kilichopinda. Ilikuwa kubwa mno. Akakunja ngumi isianguke.

"Huyu alikuja mbio aliposikia mlio wa risasi," alisema. "Umekosea kidole, wifi."