Likizo Ikifika

Siku ya kufungua shule, mwalimu aligusa kile kidude kilicho nyuma ya sikio la Mwanaidi, akamzimia Kiswahili. Huku ugenini ndivyo wanavyowafanyia watoto wote wa wageni, ili lugha ya shule isipate mshindani. Likizo wanakiwasha.

Muhula mzima niliishi na binti yangu wa miaka sita kwa ile lugha yao ninayoivunjavunja. Kula. Viatu. Lala. Lakini nani anaweza kuishi hivyo? Nikawa kila Jumapili namsuka huku nikijisemea Kiswahili changu, kama mtu anayeongea na ukuta. Nilimwambia kwamba baba yake, Shekue, hakusafiri kikazi. Ana mke mwingine, na mtoto mwingine. Nilimwambia kuna asubuhi najuta kumzaa. Mwanaidi alikuwa akichezesha miguu tu. Nikinyamaza, ananipa kitana.

Jana shule ilifungwa. Mwalimu alimgusa tena nyuma ya sikio, akanitakia likizo njema.

Njia nzima mtoto alining'ang'ania mkono. Nikadhani ni baridi. Tulipofika nyumbani nilimwita nimsuke, maana kesho yake tungempigia bibi yake simu ya video, Tanga. Akaja akaketi katikati ya magoti yangu kama kawaida yake. Nikachovya kidole kwenye mafuta, nikagawa nywele.

"Mama," akasema, Kiswahili chake kimenyooka vilevile, "leo usiseme tena yale. Leo naelewa."